Akaunti ya Escrow ya Tegeta: Fedha za Nani, na Zawadi kwa Nani

Katika orodha ya watu waliopokea fedha kupitia Benki ya Biashara ya Mkombozi mwanzoni mwa mwaka 2014 kuna tarakimu moja inayojirudia kama kibwagizo: 40,425,000. Kuna waliopata kiasi hicho chenyewe, kuna aliyepata mara mbili yake, aliyepata mara nne na aliyepata mara kumi, na kuna wawili, mmoja akiwa waziri na mwingine mbunge aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, waliopata mara arobaini yake kila mmoja, yaani shilingi 1,617,000,000. Ukigawanya viwango hivyo kwa 1,617, ambayo iko karibu sana na thamani ya dola moja ya Marekani kwa shilingi za wakati ule, kila hesabu inatoka bila baki: dola 25,000, dola 50,000, dola 100,000, dola 250,000, na kileleni dola milioni moja kamili.

Hesabu hii ni yangu, na peke yake haithibitishi kosa lolote. Inachoonyesha ni kwamba kuna mtu alikaa na orodha ya majina, akamkadiria kila mmoja kwa dola za mviringo, kisha akaagiza malipo. Majina hayo yalikuwa ya mawaziri wa wakati ule na wa zamani, wabunge, majaji, maofisa wa Serikali na viongozi wa dini. Mtoaji alikuwa James Rugemalira, mfanyabiashara aliyeuza hisa zake katika kampuni ya umeme ya IPTL, kampuni iliyolipwa fedha zilizokuwa zimewekwa Benki Kuu katika akaunti ya escrow ya Tegeta. Kwa zaidi ya mwaka mmoja taifa lilibishana kwa ukali kuhusu sakata hili, na swali lililotawala mabishano yote lilikuwa kama fedha zile ni za umma au za kampuni binafsi. Naamini swali hilo, ingawa ni zito na lilistahili jibu, ndilo lililowapa hifadhi wale ambao walipaswa kujibu swali jingine lililo jepesi zaidi: kiongozi wa umma anaruhusiwa kupokea nini kutoka kwa mfanyabiashara, na akishapokea anapaswa kumwambia nani?

Kisa chenyewe kilianza miaka karibu ishirini kabla. Mwaka 1995, nchi ikiwa imechoshwa na mgawo wa umeme uliotokana na ukame na kupungua kwa maji katika mabwawa, shirika la umeme la taifa, TANESCO, lilitia saini mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL ili ijenge mtambo wa megawati 100 wa kuzalisha umeme kwa mafuta mazito huko Tegeta, Dar es Salaam. IPTL ilimilikiwa kwa asilimia 70 na Mechmar ya Malaysia na kwa asilimia 30 na VIP Engineering and Marketing, kampuni ya Kitanzania ya James Rugemalira. Chini ya mkataba huo TANESCO ilipaswa kulipa kila mwezi tozo ya uwezo wa mtambo, umeme uzalishwe au usizalishwe. Mgogoro ulizuka mapema kuhusu gharama halisi za ujenzi, ukapelekwa kwenye baraza la kimataifa la usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, ICSID, na mwaka 2001 baraza hilo likashusha gharama za mradi zilizotumika kukokotoa tozo hadi takriban dola milioni 127. Mtambo ulianza kazi mwaka 2002.

Haikupita miaka mingi mgogoro wa pili ukafuata, na huu ndio uliozaa akaunti tunayoizungumzia. TANESCO ilidai kuwa inatozwa kupita kiasi, kwa sababu tozo ilikokotolewa kana kwamba wanahisa wa IPTL waliweka mtaji wao mkubwa katika mradi, ilhali ushahidi ulielekea kuonyesha kwamba mtaji waliouweka ulikuwa wa jina tu na mradi ulijengwa kwa mkopo. Mwaka 2006, Wizara ya Nishati na Madini na IPTL zilikubaliana kwamba wakati mgogoro huo ukisubiri kumalizwa, malipo yawekwe katika akaunti maalumu Benki Kuu, mahali ambapo upande wowote usingeweza kuyagusa peke yake. Hiyo ndiyo maana ya akaunti ya escrow: fedha zinakaa kwa mtu wa tatu mpaka ijulikane ni kiasi gani ni cha nani. Nasisitiza maelezo haya kwa sababu ndani yake mna jibu la sehemu kubwa ya ubishi uliokuja baadaye. Kama fedha zote zingekuwa za IPTL bila shaka yoyote, kusingekuwa na sababu ya kufungua akaunti ile.

Septemba 2013 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi uliokabidhi shughuli za IPTL kwa Pan Africa Power Solutions, maarufu kwa kifupi PAP, kampuni iliyohusishwa na Harbinder Singh Sethi, ambayo ilisema imenunua hisa za pande zote mbili. Hisa za VIP zilinunuliwa kwa dola milioni 75. Katika miezi michache iliyofuata, Serikali, baada ya kupata ushauri wa kisheria kutoka kwa Mwanasheria Mkuu na barua ya kinga kutoka PAP iliyoahidi kuibeba Serikali endapo mdai mwingine angejitokeza, iliruhusu fedha za escrow zitolewe. Kiasi kilichozoeleka kutajwa katika mjadala wa umma ni shilingi bilioni 306. Fedha zikalipwa kabla hesabu ya tozo iliyobishaniwa haijafanywa upya.

Na mdai mwingine alikuwepo, wala hakuwa amejificha. Benki ya Standard Chartered ya Hong Kong ilikuwa imenunua deni la IPTL tangu mwaka 2005 na ilikuwa ICSID ikidai haki yake. Februari 2014, majuma machache tu baada ya fedha kutoka Benki Kuu, ICSID iliamua kwamba tozo ya TANESCO inapaswa kukokotolewa upya. Mwaka 2016 ikaiamuru TANESCO kuilipa benki hiyo dola milioni 148.4 pamoja na riba. Msomaji aliyewahi kulipia bidhaa moja mara mbili atauelewa uchungu wa sentensi hiyo bila kuelezwa zaidi.

Bungeni suala hili liliibuliwa mwaka 2014 na David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Alilipa gharama ya kulisema. Kampuni husika zilimfungulia kesi ya madai ya mabilioni ya shilingi, na ndani ya ukumbi wa Bunge malumbano kati yake na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Frederick Werema, yalifika mahali maneno “mwizi” na “tumbili” yakarushwa mbele ya taifa zima. Serikali ilisisitiza kwamba fedha zile hazikuwa za umma. Hata hivyo, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, walipewa kazi ya kuchunguza. Nchi wahisani zinazochangia bajeti nazo zikazuia karibu dola milioni 500 zikisubiri matokeo, na hatua hiyo, nadhani, iliharakisha mambo kuliko hotuba yoyote iliyotolewa Dodoma.

Tarehe 26 Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, chini ya mwenyekiti wake Zitto Kabwe na makamu wake Deo Filikunjombe, iliwasilisha taarifa yake bungeni. Mmoja alikuwa wa upinzani na mwingine wa CCM, na ushirikiano wao ulikuwa sehemu ya nguvu ya taarifa ile, kwani ulifanya iwe vigumu kwa yeyote kusema ni njama za chama kimoja. Jaribio la kuzuia mjadala kwa amri ya mahakama halikufua dafu. Spika Anne Makinda aliruhusu uendelee. Kwa siku nne wananchi walikaa mbele ya televisheni na redio wakisikia majina, viwango na benki, na simulizi za fedha taslimu kubebwa kwa sandarusi zikawa lugha ya daladala na vijiweni. Usiku wa tarehe 29 Novemba, baada ya vurugu za siku iliyotangulia na baada ya pande mbili kukaa faragha kutafuta maneno yatakayokubalika, Bunge lilipitisha maazimio nane. Liliitaka mamlaka ya uteuzi itengue uteuzi wa Waziri wa Nishati na Madini Profesa Sospeter Muhongo, Waziri wa Ardhi Profesa Anna Tibaijuka, Mwanasheria Mkuu Werema, na Katibu Mkuu wa Nishati na Madini Eliakim Maswi. Lilitaka pia wenyeviti wa kamati za Bunge waliotajwa, wakiwemo Andrew Chenge wa Kamati ya Bajeti na William Ngeleja, waachie nafasi hizo. Waziri Mkuu Mizengo Pinda, ambaye taarifa ya awali haikumwacha salama, alinusurika katika maneno ya mwisho.

Ndani ya maazimio yale kulikuwa na makosa ya aina mbili tofauti kabisa, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Muhongo, Werema na Maswi hawakulaumiwa kwa kupewa mgawo katika orodha ya Mkombozi. Walilaumiwa kwa uamuzi: kwamba waliruhusu, walishauri au walitetea malipo yasiyostahili. Tibaijuka, Chenge na Ngeleja hawakuwa na mkono katika kutoa fedha Benki Kuu. Walilaumiwa kwa kupokea. Kosa la kwanza, kama ni kosa, linategemea swali la fedha za nani, kwa sababu kama kweli fedha zote zilikuwa za IPTL, aliyeshauri zilipwe alishauri sawasawa. Kosa la pili halitegemei swali hilo hata kidogo. Rugemalira aliuza hisa zake, na hata tukichukulia kwamba kila senti aliyolipwa ilikuwa halali yake, bado hatujajibu kwa nini waziri aliye kazini apokee kutoka kwake shilingi bilioni moja na milioni mia sita.

Mambo haya mawili yalifungwa katika furushi moja, na aliyekuwa na furushi lake dogo akapata pa kulificha. Rais Jakaya Kikwete alipohutubia wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee tarehe 22 Desemba 2014, alitumia sehemu kubwa ya hotuba yake kueleza historia ya akaunti ile na kufikia hitimisho kwamba fedha hazikuwa za umma, isipokuwa kodi ambayo Serikali ilistahili kuipata. Inawezekana wanasheria wengine wataona hoja hiyo ina mashiko. Mimi siioni, kwa sababu niliyoieleza hapo juu: sehemu ya fedha ilikuwa imebishaniwa, na mpaka hesabu ifanyike hakuna aliyejua ni kiasi gani kingepaswa kurudi TANESCO, shirika la umma linaloendeshwa kwa bili za wananchi. Lakini tuache hilo. Jambo la kutazama ni kwamba katika hotuba hiyo hiyo Rais alimwondoa Profesa Tibaijuka, akisema amemwomba “atupishe”, na sababu aliyoieleza haikuhusu umiliki wa fedha. Ilihusu fedha ya mchango wa shule kuingia katika akaunti binafsi ya waziri. Kwa maneno mengine, Rais mwenyewe alionyesha kwamba swali la maadili linaweza kujibiwa bila kusubiri la umiliki. Profesa Muhongo aliwekwa “kiporo”, kama Rais alivyosema, na akajiuzulu mwezi mmoja baadaye, tarehe 24 Januari 2015. Werema alikuwa amejiuzulu mapema, tarehe 16 Desemba, akieleza kwamba ushauri wake haukueleweka na ulichafua hali ya hewa. Maswi alisimamishwa kupisha uchunguzi, na baadaye akasafishwa.

Utetezi wa Profesa Tibaijuka unastahili kusikilizwa kwa makini, kwa sababu haukuwa utetezi wa mtu anayetafuta maneno. Alisema fedha ulikuwa mchango wa Rugemalira kwa shule za wasichana zinazoendeshwa na taasisi aliyoianzisha, kwamba shule zilikuwa na deni benki, kwamba alimwandikia mfanyabiashara huyo kuomba msaada kama alivyowaandikia wengine, na kwamba masharti ya mtoaji ndiyo yaliyomfanya afungue akaunti Mkombozi. Sehemu kubwa ya fedha, alisema, ilikwenda kulipa deni hilo. Shule zipo, wasichana wamesoma, na hakuna mtu mwenye moyo atakayesema kuchangia elimu ya mtoto wa kike ni jambo baya.

Ugumu uko kwingine. Kila anayeishi Tanzania anajua kwamba kiongozi ni mtu wa michango. Mbunge huitwa kwenye harambee ya kanisa Jumapili na ya msikiti Ijumaa inayofuata. Anatarajiwa kuchangia madawati, jezi, misiba, harusi na ada za watoto wa jimbo. Mshahara hautoshi, na kila mtu anajua hautoshi, basi naye anakwenda kwa wenye nazo. Wenye nazo ni wafanyabiashara, na mara nyingi ni wale wenye shauri serikalini. Katika utamaduni huu kuomba si aibu, na kutoa ni heshima, na mtu anaweza kwa dhamiri safi kabisa kumwandikia barua tajiri ambaye kwa miaka mingi amekuwa na mgogoro na Serikali ambayo mwandishi wa barua ni waziri wake. Anaona shule; haoni mgongano wa maslahi. Lakini mgongano upo hata kama nia ni njema, kwa kuwa siku jambo la tajiri huyo litakapoletwa mbele ya Baraza la Mawaziri, mmoja wa walioketi mezani atakuwa amesaidiwa naye kulipa deni lake kubwa kuliko yote. Hata akinyamaza katika kikao, mtoaji anajua, na yeye anajua.

Nchi hii iliwahi kuwa na jibu kali kwa tatizo hilo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Miiko hiyo ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na kilichoziba pengo lake ni Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya mwaka 1995, mwaka ule ule wa mkataba wa IPTL. Miiko ilikataza kumiliki. Sheria mpya iliruhusu kumiliki kwa sharti la kutamka. Kiongozi anajaza fomu ya mali na madeni, anaipeleka Sekretarieti ya Maadili, na, kwa kiwango kilichokuwepo wakati wa sakata, akipokea zawadi yenye thamani inayozidi shilingi 50,000 alipaswa kuitolea tamko na kuikabidhi kwa ofisa masuuli, yaani mtendaji anayewajibika kwa fedha za ofisi yake, ambaye ndiye aliyeelekeza itumikeje. Sheria pia inamkataza kiongozi kuomba au kupokea fadhila za kiuchumi zinazoweza kugusa utendaji wake. Shilingi 50,000! Weka kiasi hicho kando ya 40,425,000 uone jinsi mstari ulivyokuwa wazi. Hakukuwa na haja ya mkaguzi mkuu wala ya wataalamu wa mikataba ya umeme ili kuuona.

Na kwa kweli, Februari 2015, Sekretarieti iliwapeleka baadhi ya waliotajwa mbele ya Baraza la Maadili, lililokuwa chini ya Jaji mstaafu Hamisi Msumi na kuketi katika ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, hadharani, waandishi wa habari wakiwepo. Naona kikao kile kuwa tukio la thamani kubwa kuliko nafasi iliyopewa katika kumbukumbu zetu. Kwa mara ya kwanza katika sakata lote, watu waliulizwa swali sahihi: uliomba? ulipokea? ulitamka? Chenge alikwenda na hoja kwamba suala la escrow liko mahakamani na kwamba Baraza limezuiwa kulijadili, na muda mwingi ukapotea katika ubishi huo. Tibaijuka aliitetea shule yake, na katika maelezo yake akasema alichukua shilingi milioni 10 katika fedha zile kwa ajili ya mboga. Neno hilo likasambaa nchi nzima kwa siku moja. Watu walilikumbuka wakasahau mengine yote, na sidhani kama walikosea sana, kwa sababu katika neno “mboga” kulikuwa na kipimo ambacho mtu wa kipato cha chini anaweza kukitumia: alijua yeye mwenyewe hununua mboga za shilingi ngapi.

Hata hivyo Baraza lenyewe lina udhaifu wa kuzaliwa nao. Halifungi mtu wala halimvui mtu wadhifa. Linachunguza na kupendekeza, na pendekezo linasubiri utashi wa wenye mamlaka ya kuteua. Mwaka 2015 ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu, CCM ikiwa katikati ya kinyang'anyiro kikali cha kumtafuta mrithi wa Kikwete. Yaliyosemwa Karimjee yalizamishwa na habari za nani amechukua fomu na nani amekatwa. Oktoba ilipofika, Chenge alirudi bungeni kutoka Bariadi, Tibaijuka kutoka Muleba Kusini, Ngeleja kutoka Sengerema. Muhongo aligombea Musoma Vijijini akashinda, na Desemba mwaka huo Rais John Magufuli akamrudisha katika wizara ile ile ya Nishati na Madini. Chenge baadaye akawa mmoja wa wenyeviti wanaoongoza vikao vya Bunge. Kwa upande wa pili, Kafulila alipoteza kiti chake, na Filikunjombe alifariki katika ajali ya helikopta siku chache kabla ya kura kupigwa.

Wapo wanaosema wapiga kura waliwasamehe waliotajwa. Mimi nasoma matokeo hayo kwa namna nyingine. Mpiga kura wa Muleba au Bariadi hakupewa uamuzi wowote wa kumwelekeza. Aliambiwa na Bunge kwamba mbunge wake ana hatia, akaambiwa na Rais kwamba fedha hazikuwa za umma, akasikia Baraza limekaa, kisha hakusikia limeamua nini. Katika hali hiyo alimchagua mtu anayemjua.

Kuna kipande kingine cha kisa hiki ambacho hakitajwi mara nyingi, nacho kinaniumiza zaidi. Mwaka huo huo wa 2014, kabla sakata halijafika kileleni, Bunge Maalumu la Katiba lilikuwa Dodoma likipitia rasimu iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Joseph Warioba. Rasimu hiyo ilikuwa na masharti ya moja kwa moja kuhusu maadili: kwamba zawadi anayopewa mtumishi wa umma katika kazi ya umma ni mali ya Jamhuri ya Muungano, na kwamba akaunti za viongozi nje ya nchi ziwekewe mipaka. Katika Katiba Inayopendekezwa iliyotoka mwezi Oktoba, wakosoaji, wakiwemo waliokuwa wajumbe wa Tume, walilalamika kwamba makali ya sura ya maadili yalipunguzwa na mengi kuachiwa sheria zitakazotungwa baadaye. Mwenyekiti wa Kamati ya Uandishi ya Bunge Maalumu alikuwa Andrew Chenge, mtu yule yule ambaye mwaka 2008 alijiuzulu uwaziri baada ya kuulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni moja zilizokuwa katika akaunti kisiwani Jersey, na ambaye aliziita “vijisenti”. Simsingizii kwamba alikata vifungu hivyo kwa mkono wake. Kamati ilikuwa na wajumbe wengi na kura zilipigwa na mamia. Nasema kwamba nchi iliyokuwa inaandika upya miiko ya viongozi wake ilikuwa na watu wengi wa kumpa kalamu, na ilimpa yeye, miezi michache baada ya fedha za Mkombozi kuingia.

Mahakama ilikuja kuchukua sehemu yake ya kisa baadaye. Juni 2017 Rugemalira na Sethi walifikishwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu wakikabiliwa na mashtaka ya uhujumu uchumi na utakatishaji wa fedha, ambayo hayana dhamana, wakidaiwa kuisababishia Serikali hasara ya zaidi ya dola milioni 22 na zaidi ya shilingi bilioni 309. Serikali ambayo mwaka 2014 ilisema fedha si zake sasa ilikuwa inashtaki kwa kupotea kwa fedha zake. Wawili hao walikaa mahabusu takriban miaka minne bila kesi kusikilizwa hadi mwisho, jambo ambalo nalo ni dosari kubwa ya haki na halifutiki kwa sababu tu watu walikuwa na hasira nao. Juni 2021 Sethi alikiri kosa kwa makubaliano na upande wa mashtaka na akaamriwa kulipa shilingi bilioni 26.9. Septemba mwaka huo Mkurugenzi wa Mashtaka alimfutia Rugemalira mashtaka, akaachiwa huru. Hivyo hata katika mahakama swali la fedha za nani halikupata hukumu iliyotolewa baada ya ushahidi kupimwa. Waliopokea mgawo hawakuwemo katika kesi ile.

Mmoja wao, hata hivyo, alijitokeza mwenyewe. Julai 2017, majuma machache baada ya wawili wale kupandishwa kizimbani, William Ngeleja, aliyewahi kuwa Waziri wa Nishati na Madini, aliwaita waandishi wa habari Dar es Salaam akatangaza kwamba amerejesha serikalini shilingi milioni 40.4 alizopewa na Rugemalira. Alieleza kwamba alizipokea kama msaada kwa shughuli za kijamii jimboni, kwamba alizilipia kodi, kwamba hakujua zingehusishwa na kashfa, na kwamba ameona ni bora kuzirudisha ili kulinda heshima yake na ya wanaomtegemea. Fedha hizo alizipeleka Mamlaka ya Mapato. Wengi walimsifu na wengine walimdhihaki. Mimi nilijiuliza kwa nini mtu aliyetaka kurudisha zawadi alilazimika kutafuta mlango wa ofisi ya kodi. Mlango uliowekwa na sheria ulikuwa wa ofisa masuuli, kwa fomu ya tamko, na ulikuwa wazi tangu Februari 2014, siku ile ujumbe wa benki ulipoonyesha kwamba fedha zimeingia.